Waranti Hulipa Diski, Hailipi Hesabu

Wafanyabiashara wa Kyela huulizana bei ya mpunga, unyevu wa kakao na hali ya barabara ya Tukuyu. Kuna swali jingine linalofaa kuulizwa kabla msimu haujafunguka: laptopu yenye hesabu zako ikiharibika leo, nayo ingali ndani ya waranti, utarudishiwa nini?

Utarudishiwa diski tupu. Waranti ni ahadi ya kubadilisha chombo. Yaliyoandikwa ndani yake hayamo katika ahadi hiyo, na masharti ya watengenezaji husema hivyo waziwazi, ila kwa maandishi madogo ambayo wengi hawayasomi.

Tuseme mnunuzi wa mpunga pale Ipinda ametawanya shilingi milioni 6 kwa wakulima 40, na orodha yote imo katika laptopu moja. Diski mpya, tuseme, ni shilingi 150,000. Diski ikifa, waranti itamwokolea hizo 150,000. Zile milioni 6 atazidai kwa kumbukumbu ya kichwa, na kila mdaiwa atakuwa na kumbukumbu yake.

Kwa hiyo laptopu ikianza kugonga tiki-tiki, ikiwa nzito kufungua mafaili, au ikikataa kusoma baadhi yake, usikimbilie dukani kwanza. Nakili hesabu siku hiyo hiyo, ukianza na madeni na stakabadhi, kisha izime. Utafiti wa Google wa mwaka 2007, uliofanywa kwa diski zaidi ya 100,000, ulionyesha kwamba diski ikishatoa kosa la kwanza katika ukaguzi wa uso wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 huwa mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba diski nyingi hufa bila kutoa dalili yoyote. Anayesubiri dalili ndipo anakili, anacheza bahati nasibu.

Baada ya nakala, ndipo madai. Hapa wengi hukwama kwa mambo madogo. Risiti ya mashine ya EFD huchapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto, na joto la mwambao wa Ziwa Nyasa tunalijua. Itoe fotokopi siku ya kununua, na uandike kando namba ya laptopu. Usiifungue kwa fundi wa mtaani kabla ya kudai, maana utampa muuzaji sababu ya kukukatalia. Wala usimfuate mtengenezaji wa diski: diski iliyokuja ndani ya laptopu kwa kawaida hudaiwa kwa mwenye chapa ya laptopu, kupitia aliyekuuzia.

Wauzaji nao wana lao la kujibu. Neno “waranti mwaka mmoja” halitoshi. Mteja wa Matema au Kasumulu anastahili kuandikiwa nani atalipa nauli ya kupeleka mashine Mbeya au Dar es Salaam, itakaa siku ngapi, na diski mbovu itabaki kwa nani. Jambo hili la mwisho si dogo. Diski ya AMCOS ya kakao ina majina ya wakulima, kilo zao na akaunti zao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayezishika azilinde. Asiyepata jibu la maandishi atafute duka jingine. Akidhulumiwa, ipo Tume ya Ushindani, ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake.

Wala tusidhani masharti hayabadiliki. Mafuriko ya Thailand ya mwaka 2011 yalisimamisha viwanda vya diski na bei zikapanda duniani. Mwisho wa mwaka huo Seagate na Western Digital walitangaza kufupisha waranti za baadhi ya diski zao.

Wapo wanaosema daftari la karatasi latosha. Wana hoja, lakini Kiwira, Mbaka na Songwe zikifurika, karatasi haina waranti kabisa. Sheria ya kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na ofisa wa kodi hatapokea udhuru wa maji wala wa diski.

Maoni yetu ni kwamba nakala ihesabiwe kuwa gharama ya biashara kama magunia na ushuru. Flashi mbili zatosha: moja dukani, moja nyumbani mahali pa juu, zikibadilishana kila siku ya kufunga hesabu. Na mara moja kwa mwezi fungua nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine, kwa kuwa nakala isiyofunguka ni sawa na ghala lililofungwa bila mzigo.