Msiwafunge Watoto Mikono
Mwandishi aliyewataka walimu wawakataze watoto kuchezesha mikono wanapofanya hesabu, eti ni dalili ya akili nzito, amepotoka. Mwaka 2009 Susan Goldin-Meadow wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake walichapisha utafiti juu ya hesabu za aina ya 6+3+4=__+4. Watoto waliofundishwa kuweka vidole viwili chini ya 6 na 3, kisha kuonyesha pengo kwa kidole, walijifunza zaidi kuliko waliotamka maneno tu. Na katika somo lile hakuna aliyewaambia kwa mdomo wajumlishe namba hizo mbili! Mikono ndiyo iliyowafikisha. Walimu, acheni kuwachapa watoto vidole; vitazameni vinavyosema.