Kwa Nini Mlimani Kuna Baridi?



"Mwalimu, ikiwa joto latoka kwenye jua, basi apandaye mlima analikaribia jua. Mbona haoni joto zaidi?" Swali hili tumeulizwa mara nyingi darasani hapa Kisangani, na aulizaye si mjinga. Tulijibu leo, maana baridi ya mlimani imekwisha kuwaua watu ambao hawakujiandaa kukutana nayo.

Kwanza tupime huko kulikaribia jua. Jua li mbali nasi kadiri ya kilomita milioni 150. Kilele cha Margherita katika milima ya Ruwenzori, mpakani mwa Kongo na Uganda, kina kimo cha mita 5,109, yaani kilomita tano na kitu kidogo tu. Fikirini mtu anayetoka hapa kwenda Yangambi, karibu kilomita 100. Akisogeza mguu kwa unene wa punje ya mchele, je, ataona kuwa Yangambi imekaribia? Hata apandaye Margherita hakulikaribia jua zaidi ya hivyo.

Pili, miale ya jua hupita katika hewa bila kuipasha moto sana. Huiangukia ardhi, na ardhi ikisha kupata moto huipasha hewa iliyo juu yake. Basi hewa hupata joto kutoka chini, kama maji ya chunguni.

Lakini mtasema: hewa ya moto hupanda juu, mbona haichukui joto lake mpaka kileleni? Jibu tunalo katika baiskeli. Vijana wa toleka, waliokuwa wakichukua abiria kwa baiskeli katika mji wetu kabla ya pikipiki kuzidi, walilijua kwa mikono yao. Ukijaza tairi upepo, bomba hupata moto, kwa sababu hewa imebanwa. Ukiufungulia upepo utoke, unaona ubaridi, kwa sababu hewa inatanuka. Ndivyo ilivyo angani. Hewa ya huku chini imebanwa na uzito wa hewa yote iliyo juu yake. Inapopanda, uzito huo hupungua, nayo hutanuka. Na kule kutanuka ni kazi inayokula joto lake. Kwa wastani joto hupungua digrii 6 na nusu kwa kila mita 1,000.

Tufanye hesabu. Kisangani i katika kimo cha mita 400 hivi, na joto lake la wastani ni digrii 25. Margherita imetuzidi kwa mita 4,700. Toa digrii 30, nawe umeshuka chini ya sifuri. Ndiyo sababu kuna barafu kule, ingawa mahali pote pawili pako karibu sana na ikweta, chini ya jua lile lile. Barafu hiyo imepungua sana tangu mwaka 1906, Mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alipokifikia kilele, lakini haijakwisha.

Sasa sikieni hasara yenyewe. Mwaka 1908 msafara wa Mjerumani Egon Kirschstein ulikuwa katika mlima Karisimbi, wenye mita 4,507, mpakani mwa Kongo na Rwanda. Dhoruba ya theluji iliwakuta njiani, na wapagazi wapatao 20 wakafa kwa baridi. Walikufa katika nchi ya ikweta, ambako watu wengi hudhani baridi haiwezi kuua.

Wasafiri wetu hawaendi Karisimbi, lakini wako waendao Butembo, kimo cha mita 1,800 hivi. Hesabu yetu yaonyesha kuwa kule joto hupungua kwa digrii 9, na usiku huzidi kupungua. Sisi wenyewe tulipanda huko juu ya lori, tumevaa shati jepesi. Karibu nasi alikuwapo mama mwenye mtoto mchanga aliyefunikwa kwa kitenge kimoja. Giza lilipoingia mtoto alitetemeka, mpaka mzee mmoja alipovua koti lake akampa.

Basi, akina mama na akina baba, kabla ya kupanda milimani ulizeni kimo cha mahali mwendako. Chukueni blanketi, kofia na soksi za mtoto, na nguo kavu ya kubadili, kwa maana nguo iliyolowa huondoa joto la mwili upesi. Mzigo huo ni mwepesi, nao waweza kuokoa maisha ya mtoto.