Bizari Ing'aayo Isitughuri

Kwetu pwani, jiko bila viungo ni kama arusi bila vigelegele. Pilau yataka bizari nzima, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Na mchuzi wa samaki hauwi mchuzi pasipo manjano. Kwa hivyo neno langu la leo lamhusu kila mwenye chungu mekoni.

Mimi naona tumeuacha ustadi wa kuchagua viungo, tukawa twanunua rangi. Mtu asimama Marikiti, Mombasa, na jicho lake laenda moja kwa moja kwenye unga ulio wa manjano kupita wenziwe. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na rangi ndiyo miguu ya kibaya.

Mfano tunao Bangladesh. Miaka ya 1980 mafuriko yaliharibu mavuno, mizizi ya manjano ikafifia, na baadhi ya wafanyabiashara wakaipaka rangi ya kiwandani yenye madini ya risasi ili ing'ae. Risasi hiyo huioni wala huionji, moto wa jikoni hauiondoi, na hudhuru akili ya mtoto hata ikiwa kidogo. Uchunguzi ulipotangazwa mwaka 2019, serikali iliwaonya watu, ikapima sokoni na kuwatoza faini walioghushi. Mwanzoni, katika kila sampuli 100 za manjano, 47 zilikuwa na risasi. Kufika 2021 haikuonekana hata moja.

Basi tununue viungo vizima, tuvioshe, tuvianike, tusage wenyewe. Lakini kumbuka kule rangi ilipakwa kwenye mizizi yenyewe. Chagua manjano yaliyopoa, yaache yametayo. Pilipili iliyoota ukungu itupwe, kwani sumu ya ukungu haiishi kwa kupikwa. Mdalasini chukua ule wa magome membamba, yaliyojikunja tabaka nyingi kama sigara. Ule wa gome moja nene aghalabu una kumarini nyingi, nayo ikizidi kila siku yaweza kudhuru ini.

Najua wengi watasema hawana saa ya kushika mchi. Mashine ndogo ya umeme yasaga bizari ya wiki mbili kwa dakika chache.

Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta chini imerowa. Hakulifanya dogo, alimtoa mghushi katika hesabu ya wenziwe. Miji ya Kiislamu ya kale ilikuwa na muhtasib wa kukagua soko. Kwetu kazi hiyo ni ya Shirika la Viwango na maafisa wa afya wa kaunti, nao wataka kukumbushwa. Naomba makhatibu wetu waitaje bizari Ijumaa kama waitajavyo mizani. Nasi wanunuzi, muuzaji mwaminifu akituomba shilingi mbili zaidi, tusimkimbie. Rahisi ni ghali, na hii hulipwa na watoto.