Kwani Mgeni ni Lazima Apewe Soda?

Nina jambo ambalo limenikaa rohoni tangu kaskazi ianze na joto lituzidi.

Kwetu Kisumu Ndogo, hapa Malindi, mgeni akibisha hodi, hata hajaketi vizuri, mtoto ashatiwa chupa tupu mkononi: "Kimbia dukani ukalete soda." Kama pesa hazipo, mtoto hutumwa vivyo hivyo na maneno ya kumwambia mwenye duka, yaani utuandikie. Deni la soda huandikwa katika daftari lile lile la unga na mafuta ya taa. Na mle jikoni mna ukwaju, mna ndimu, na embe msimu huu zinaoza chini ya miti. Lakini ati kumpa mgeni maji ya ukwaju ni kumdharau! Akitoka hapo atasema nyumba ile ina shida.

Mimi napinga fikira hii. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo mwenyeji akope. Vasco da Gama alipofika Malindi mwezi wa Aprili 1498 alipokewa vizuri na mfalme wa hapa, na soda haikuwako duniani. Nayo Coca-Cola, ilipoanza kuuzwa mwaka 1886 huko Atlanta, Marekani, ilikuwa shira aliyoibuni mfamasia John Pemberton, ikachanganywa na maji yenye gesi na kuuzwa kwa gilasi. Sasa jamani, tunaona haya kuchemsha shira yetu, kisha tunakwenda kununua shira ya wenzetu iliyofungwa kifuniko!

Kuitengeneza si kazi. Roweka ukwaju katika maji moto, uukamue kwa mkono, uchuje kokwa na nyuzi. Chukua maji hayo lita moja, tia sukari kilo moja, uchemshe polepole huku ukikoroga mpaka iwe nzito kidogo, kama shira ya kaimati ikiwa bado changa. Ukipenda, ponda tangawizi uitie. Embe nayo huchemshwa hivyo hivyo, ila iongeze ndimu, kwani embe peke yake hupooza mdomo. Ikipoa itie katika chupa safi.

Na ile gesi? Wanafunzi wa Kemia mnajua: asidi ikikutana na baikabonati hutoa kaboni dayoksaidi. Changanya shira na maji baridi katika gilasi, kamulia ndimu, kisha tia bekin soda kidogo sana, ncha ya kijiko tu, unywe papo hapo inapochemka. Ukizidisha utakunywa sabuni. Tena iwe ile ya kuokea keki, si magadi ya kupikia kunde. Na usije ukaifunga katika chupa ya kioo, itapasuka ikukate.

Kuna wanaosema vinywaji vya nyumbani havina madhara. Tusidanganyane, shira ni sukari. Lakini kipimo kiko mkononi mwako. Soda ya kola ya mililita 300 huwa na sukari kama gramu 32. Kilo moja ya sukari na ile lita moja hutoa shira kama lita moja u nusu. Kila kikombe cha shira ukikitilia vikombe saba vya maji utapata lita 12, yaani gilasi 40 za ukubwa wa soda, na kila gilasi ina gramu 25. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa ya mtu mzima kwa siku isipite kama gramu 50, na ikiwa 25 ni bora zaidi. Kwa hivyo gilasi moja yatosha, hata ya kwetu.

Hoja moja ya wapinzani naikubali. Soda ya dukani maji yake yana uhakika, na ya nyumbani yategemea mpishi. Kipindupindu kilichozuka nchini Oktoba 2022 hakikuwa mzaha. Kwa hivyo maji ya kuchanganyia yachemshwe, na barafu ya mtaani usiyojua ilikotoka uiache huko huko. Ukishachemsha maji ya chai umeshindwaje kuchemsha ya ukwaju? Mwenye duka naye hatakosa riziki, sukari tutainunua kwake.

Sasa nakuja kwetu shuleni. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani. Katika sherehe nyingi za shule, meza kuu huwekewa soda, na sisi tuliosimama juani tukighani mashairi tunakimbilia mfereji. Pesa za kreti moja ni za chupa 24 tu. Napendekeza kwa mlezi wa chama na viongozi wetu kwamba mwaka huu soda zisinunuliwe. Embe zitakuwa zimekwisha, lakini ukwaju mkavu upo sokoni. Tununue sukari kilo tano, tupate gilasi 200, na mgeni wa heshima anywe tunachokunywa sisi. Wanaoona aibu waseme mapema kabla ya mkutano ujao wa chama. Sufuria kubwa nitaazima kwa nyanya yangu, na kukoroga nitakoroga mwenyewe.