Kipimajoto kilichopigiliwa juani hakiwasemei wanaolala kwenye baridi

Kipimajoto cha nje kisichotumia waya ni kitu kidogo. Kinaenea katika kiganja, kinatumia betri mbili ndogo, na fundi mwenye nyundo anaweza kukiweka ukutani kwa dakika chache. Sehemu ya nje, ambayo hapa itaitwa kapta, inapima joto la hewa na kulituma kwa mawimbi ya redio. Sehemu ya ndani inapokea na kuonyesha namba kwenye kioo chake, mezani kwa muuguzi, kwa mwalimu mkuu ao kwa mtangazaji.

Kwa sababu ni kitu kidogo, ni rahisi kukiweka popote: pale msumari ulipo tayari, ao pale wageni watakapokiona wakiingia. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Katika Kivu, ambako jamaa nyingi zimehama makwao na zinalala chini ya shitingi, ndani ya madarasa ao kwa watu waliowapokea, namba ya joto inaweza kuwa sababu ya kutoa blanketi ao ya kutotoa. Kipimajoto kilichowekwa vibaya kinadanganya, na uongo wake unamwangukia kwanza yule asiye na ukuta.

Jua la hapa halifuati karatasi ya Ulaya

Karatasi nyingi zinazokuja ndani ya boksi ya vifaa hivi zinasema: weka kapta kwenye ukuta wa kaskazini. Huko Ulaya shauri hilo ni sawa, maana jua la mchana linapita upande wa kusini mwaka mzima, na ukuta wa kaskazini unabaki kivulini.

Goma iko chini ya digrii 2 kusini mwa ikweta. Hapa jua la mchana linapita upande wa kaskazini kuanzia katikati ya mwezi wa tatu mpaka mwisho wa mwezi wa tisa, kisha linahamia upande wa kusini kwa miezi inayobaki. Ukuta wa kaskazini wenye kivuli wakati wa Noeli unapigwa na jua mwezi wa sita. Fundi anayefuata karatasi neno kwa neno anaacha kapta juani karibu nusu ya mwaka, na hakuna atakayejua kwa nini joto la mtaa limepanda ghafla.

Ukuta wa mashariki unapokea jua la asubuhi, na wa magharibi jua la alasiri. Hiyo miwili iachwe kabisa. Mahali panapofaa ni chini ya ukingo mpana wa paa, upande wa kaskazini ao wa kusini, penye kivuli na hewa inayopita. Hata bora zaidi ni kutengeneza kisanduku cha mbao kilichopakwa rangi nyeupe, chenye nafasi pembeni kama madirisha ya vibao, na kuweka kapta ndani yake. Vituo vya hali ya hewa duniani vinafanya hivyo. Seremala yeyote wa mtaa anaweza kukitengeneza kwa mabaki ya mbao.

Kuna pia jambo la ukuta wenyewe. Goma imejengwa juu ya mawe meusi ya volkano, na nyumba nyingi zina msingi ao ukuta wa mawe hayo. Jiwe jeusi linakula joto mchana kutwa na kulitoa polepole baada ya jua kutua. Kapta iliyobanwa moja kwa moja kwenye jiwe inapima ukuta, na hewa ya nje haipimi. Mchana inazidisha joto. Usiku, wakati mama mwenye mtoto mchanga anatetemeka chini ya shitingi, yenyewe bado inasema hali si mbaya. Kipande cha mbao kinachoisogeza mbali na ukuta kwa urefu wa kiganja kinapunguza sana kosa hilo.

Manjanja nayo yanatupa joto chini, kwa hiyo kapta isigusane nayo. Ishuke angalau urefu wa mkono kutoka kwenye paa. Ikae mbali na jiko la makala, na moshi wa jenereta na mlango unaotoa joto la watu. Kanuni ya shirika la hali ya hewa la dunia inataka kipimo kichukuliwe kati ya mita 1,25 na mita 2 kutoka ardhini. Kwenye uwanja wenye watoto wengi, mita 2 inafaa.

Kabla ya kupiga msumari

Kosa la pili linafanyika mezani, kabla ya kufika ukutani. Kwa aina nyingi za vifaa hivi, kapta na chombo cha ndani vinapaswa kujuana kwanza vikiwa karibu karibu. Betri zinaingia kwenye kapta, kisha kwenye chombo cha ndani, na vyote viwili vinaachwa juu ya meza moja mpaka namba ya nje itokee. Kama kuna kibonyezo cha kuchagua namba 1, 2 ao 3, pande zote mbili ziwe kwenye namba moja. Kama kuna alama ya C na F, ichaguliwe C. Namba 68 ikisomwa redioni bila kujua kwamba ni ya Fahrenheit itawatisha watu, kumbe ni digrii 20 tu.

Vingine vina saa inayojipanga yenyewe kwa alama ya redio. Alama ya vifaa vingi vya Ulaya inatoka Mainflingen, karibu na Frankfurt, Ujerumani, na inafika takriban kilomita 2000. Goma iko mbali zaidi ya mara mbili ya hapo. Saa hiyo itatafuta bila kupata, na betri zitaisha bure. Ipangwe kwa mkono, na kule kutafuta kuzimwe kama kifaa kinaruhusu.

Halafu vyombo vyote viwili viachwe usiku mmoja ndani ya chumba kimoja, pamoja na kipimajoto kingine kama kipo. Tofauti ya digrii 1 ni ya kawaida kwa vifaa vya bei hii. Tofauti ya 3 ao 4 inaonyesha kwamba kimoja hakifai, na ni heri kujua hilo mapema.

Umbali ulioandikwa kwenye boksi, mita 30 ao mita 100, ulipimwa uwanjani pasipo kizuizi. Ukuta wa saruji unaupunguza, na manjanja yanaweza kuukata kabisa, maana chuma kinazuia mawimbi. Kwenye nyumba yenye kuta za manjanja, chombo cha ndani kikae karibu na dirisha. Mtu mmoja ashikilie kapta mahali panapokusudiwa, mwengine aangalie kioo kwa robo saa. Namba ikiendelea kufika, msumari upigwe. Ikikatika, watafute mahali pengine penye kivuli. Wasikubali jua kwa sababu tu mawimbi yanapita vizuri hapo.

Namba inayofaa ni ya alfajiri

Hata kapta iliyowekwa sawasawa inaweza kusomwa vibaya. Ofisi zinafunguliwa saa mbili asubuhi, wageni wanafika saa nne, na picha zinapigwa mchana. Kila mtu anaona joto la mchana. Lakini baridi kali kabisa inakuja karibu na saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijatoka, wakati hakuna mtu wa ofisi anayeangalia.

Vingi vya vifaa hivi vinahifadhi kipimo cha juu na cha chini. Kipimo cha chini ndicho cha kuandika kwenye daftari kila asubuhi, kisha kufuta kumbukumbu ili siku mpya ianze. Kazi hiyo inaomba dakika moja.

Faida yake inaonekana siku ya mazungumzo. Mwakilishi wa waliohama akisema "kuna baridi", jibu hilo linasikika kila mwaka na kusahaulika. Akifungua daftari lenye usiku 30 mfululizo, na kila usiku una kipimo chake cha chini, anayemsikiliza analazimika kujibu kwa namba.

Namba ya simu haitoshi kwa kazi hiyo. Simu inaonyesha makadirio ya kompyuta kwa eneo pana, na Kivu haina eneo pana lililo sawa. Ziwa Tanganyika, pale Uvira, liko mita 770 hivi juu ya bahari. Ziwa Kivu liko mita 1460. Milima ya Minembwe inapita mita 2000. Kila unapopanda mita 1000, hewa inapoa kwa digrii 6 hivi. Jamaa iliyokimbia kutoka kando ya ziwa kwenda mlimani imehamia kwenye baridi nyingine, na blanketi lililotosha chini halitoshi juu.

Kwenye chumba cha kujifungulia namba hizi zinagusa uhai moja kwa moja. Shirika la afya duniani linataka chumba hicho kisipungue digrii 25, na mwili wa mtoto mchanga usishuke chini ya 36,5. Muuguzi anayejua kwamba nje usiku unashuka sana ataandaa maji ya moto, atafunga nafasi za upepo na kumweka mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, bila kungoja aanze kupoa. Joto la juu nalo lina kazi yake: dawa nyingi za malaria zinapaswa kukaa chini ya digrii 30, na stoo yenye paa la manjanja inaweza kupita hapo mchana.

Shitingi si nyumba

Wapo watakaosema kwamba anayelala njaa hahitaji kipimajoto, anahitaji unga. Wana haki. Hakuna kapta iliyowahi kumfunika mtoto. Pesa za chakula zisiguswe kwa ajili ya vifaa. Lakini mahali ambapo kifaa kimekwisha kununuliwa, kukiweka vizuri hakuongezi gharama, na kukiweka vibaya kunawapokonya wahitaji ushahidi wao.

Kuna pia ukweli mmoja ambao kapta ya ukutani haiwezi kuusema. Chini ya shitingi, mchana ni moto kuliko hewa ya nje, na usiku joto linatoroka haraka, karibu sawa na nje, pamoja na upepo na unyevu wa chini. Kwa hiyo, pale kifaa kinapokubali kapta ya pili, hiyo iwekwe ndani ya kibanda kimoja, kwa ruhusa ya jamaa inayokaa humo. Namba mbili zikiandikwa pamoja, wenye ofisi watasoma wenyewe tofauti ya kulala ndani ya ukuta na kulala nyuma ya plastiki.

Nani atakitunza?

Kitu kisicho na mwenyewe kinakufa na betri zake za kwanza. Betri za bei ndogo zinaisha mapema, zinavuja na kula vyuma vya ndani. Betri zikibadilishwa, vifaa vingine vinasahauliana na kuhitaji kujulishwa tena mezani. Asipokuwapo mtu anayejua hilo, kioo kitaonyesha vistari viwili, na mashine itawekwa kabatini milele.

Kwa hiyo shirika linaloleta kipimajoto lisiondoke kabla ya kuacha vitu vitatu: karatasi moja ya Kiswahili inayoeleza namna ya kukipanga, akiba ya betri za mwaka mzima, na watu wawili waliojifunza kwa mikono yao, mmoja mkaaji wa mtaa na mwengine kutoka kwa waliohama. Huyo wa pili asikose. Daftari lililoandikwa na anayelala chini ya shitingi halipotei kirahisi.

Mkuu wa mtaa ajulishwe kabla ya kazi kuanza, na wakaaji waelezwe. Katika nchi yenye vita, kisanduku kinachotuma mawimbi kutoka ukutani kinaweza kuzaa mashaka, na mashaka yanaweza kumtia mtu gerezani. Dakika kumi za maelezo mbele ya watu wote, kapta ikiwa mkononi na kila mmoja akiiona, zinamlinda fundi na muuguzi.

Redio za mitaa nazo zina sehemu yao. Zisome kila asubuhi kipimo cha chini cha usiku uliopita, zikitaja mahali kilipopimwa na namna kapta ilivyowekwa. Taarifa rasmi za nchi ni kazi ya METTELSAT, na kapta ya kituo cha afya haichukui nafasi yake. Lakini msikilizaji wa mlimani ana haki ya kusikia usiku wake mwenyewe ukitajwa kwa namba ya kweli.

Wenye vifaa hivyo ukutani watoke leo saa saba mchana, kisha tena saa tisa, waangalie kama jua limefika kwenye kapta. Likiwa limefika, wachukue nyundo na kuihamisha.