Fedha za kamera na ziende kwenye lenzi

Mwezi uliopita nilifunga safari kutoka Mombasa hadi Kipkelion, huko Kericho, kumjulia hali mpwa wangu ambaye ni mwalimu wa shule. Mji wenyewe ni mdogo, umekaa vilimani, na stesheni yake ya reli zamani za Wazungu ikiitwa Lumbwa. Sisi watu wa pwani tukifika huko jambo la kwanza ni kuuliza sweta. Asubuhi ukungu hushuka hata majani ya chai yaliyo ng'ambo ya njia usiyaone, na alasiri aghalabu mvua hunyesha, pengine ya mawe.

Baada ya shikamoo na marahaba, kijana akanieleza haja yake. "Mjomba, nataka kununua kamera." Nia yake ni kupiga picha za harusi na sherehe za shule mwisho wa juma, apate cha kuongezea mshahara. Alikuwa na shilingi 50,000. Nikamsifu kwa kuweka akiba. Kisha nikaambiwa kwamba 20,000 katika hizo zilitoka kwa mama yake, yaani dada yangu, ambaye aliuza bangili yake ya dhahabu bila kunishauri. Hapo nikaketi vizuri.

Duka moja lilikuwa limemshawishi achukue kamera mpya, atoe hizo 50,000 kama malipo ya mwanzo, na zilizobaki alipe kidogo kidogo mwaka mzima pamoja na riba. Riba tuiache kando, maana msomaji hukumu yake waijua. Hata pasingekuwa na riba, mimi naona kijana alikuwa akipelekwa kutumia fedha mahali pasipostahili.

Kamera za namna ya SLR zina kioo ndani yake, nawe ukichungulia huona kwa lenzi ile ile itakayopiga picha. Lenzi hutoka, ukatia nyingine. Basi kamera ni vitu viwili: kiwiliwili na jicho. Wenye maduka husifu kiwiliwili na kukuhesabia megapikseli. Lakini tangu mwaka 2018 Canon na Nikon zote mbili zimegeukia kamera zisizo na kioo, na wenye uwezo wanauza zile za zamani. Canon 1100D iliyotoka mwaka 2011 ina megapikseli 12, nazo zatosha kuchapa picha ya ukubwa wa karatasi ya A4 ikatoka safi. Ni bibi harusi gani wa Kipkelion atakayetaka zaidi ya hapo?

Jicho ndilo lenye kazi. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera, ile ya 18-55, ukiivuta mpaka mwisho tundu lake huwa f/5.6. Lenzi ya 50 yenye tundu la f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 ya huo. Kwa mtu atakayepiga picha ukumbini penye taa mbili, au nje penye ukungu, tofauti hiyo ndiyo picha yenyewe. Ya kwanza itampa maharusi waliotikisika kama vivuli. Ya pili itampa nyuso zao.

Simu nayo ni kamera, sikatai, na mchana penye jua hufanya kazi nzuri. Lakini hakuna amlipaye mtu kwa picha ambayo shangazi wa bwana harusi amekwisha kuipiga.

Kijana akasita. "Mjomba, wakiona kamera kuukuu si watanidharau?" Nikamkumbusha Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1943, ambaye picha zake za njaa ya Uhabeshi za mwaka 1984 ziliutikisa ulimwengu. Huyo alianza na Box Brownie ya mtumba, kikasha tu chenye lenzi isiyobadilishwa.

Mtumba, hata hivyo, una hila zake, na mimi nimekwisha kuumwa. Miaka ya tisini, nikiwa mwandishi kijana, nilinunua kamera ya filamu kwa bei ya kutupa, nikaenda nayo maulidi ya Lamu. Nilimpiga picha mwalimu wangu wa chuoni, aliyenifundisha alifu kwa kijiti, amekaa kwenye safu. Picha zikatoka kama zimepigwa nyuma ya chandarua. Lenzi ilikuwa na kuvu. Mwalimu alifariki kabla ya maulidi mengine, nami sina picha yake hata moja.

Kwa hiyo tuliposhuka Nairobi pamoja siku ya Jumamosi, nilikuwa na tochi mfukoni. Lenzi ya kwanza tuliyopewa niliimulika upande mmoja nikachungulia upande wa pili: nyuzi nyuzi, kama utando wa buibui. Nikamuuliza muuzaji imetoka wapi. Akasema Mombasa. Sikushangaa, kwa unyevu wetu huu! Kamera nayo tuliipigia ukuta mweupe kwa tundu dogo la f/16, tuone kama kuna madoa ya vumbi ndani. Anayependelea Nikon na aangalie jambo moja zaidi: zile za bei ndogo, kama D3200, hazina mota ndani, na lenzi zake za zamani zisizo na mota hazijilengi zenyewe; utazungusha kwa mkono huku bibi harusi akipita. Lenzi za EF za Canon zina mota tangu mwaka 1987.

Tukatoka na 1100D ya mtumba kwa 22,000 na lenzi ya 50 mpya kwa 15,000. Betri ya pili, kadi mbili na mkoba usioingia maji vikala 8,000. Zikabaki 5,000, nikamwambia azipeleke kwa mama yake siku hiyo hiyo. Akazituma tukiwa bado barabarani. Dada akanipigia simu, akauliza mnunuzi wa bangili atakubali 5,000 za mwanzo.