Barua ya wazi kwa Tume ya Vyuo Vikuu: Sauti za wazee zisiishie kwenye simu za wanafunzi

Kwa Katibu Mtendaji,
Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Ndugu Katibu Mtendaji,

Kila mwaka vyuo vyetu hutunuku shahada za uzamili na uzamivu katika historia, fasihi na utamaduni, na kila tasnifu huingia maktaba ikiwa imejalidiwa vizuri, ina sahihi ya msimamizi na tamko la mtahiniwa kwamba kazi ni yake. Ukifungua kurasa za mwisho utakuta kiambatisho chenye mwongozo wa maswali: umeishi hapa tangu lini, nani alikufundisha ngoma hii, mlihamishwaje wakati wa Operesheni Vijiji. Maswali yamechapwa yote. Majibu hayapo. Mzee aliyezungumza kwa saa mbili amebaki mistari minne ndani ya sura ya nne, anaitwa mtoa taarifa namba 7, na sauti yake iko kwenye simu au kompyuta mpakato ya mwanafunzi ambaye baada ya mahafali hakuna tena anayemuuliza habari zake. Ninaiomba Tume iweke sharti moja. Mwanafunzi wa fani hizi asitunukiwe shahada mpaka awe amekabidhi kwa maktaba ya chuo chake rekodi za sauti, maandishi ya mahojiano, picha za miswada na fomu za ridhaa alizokusanya uwandani, na nakala ya vitu hivyo irudi kwenye wilaya vilikotoka.

Ushahidi wa kwanza wa ombi hili uko Dar es Salaam penyewe. Mwaka 1968, chuo cha Mlimani kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Idara ya Historia iliwatuma wanafunzi wake kwenye maeneo yaliyopigana Vita vya Maji Maji wakawahoji wazee. Hawakuwa hata wanafunzi wa uzamili, walikuwa wa shahada ya kwanza. Lakini walifika kwa wakati: aliyekuwa kijana wa miaka 15 vita vilipoanza mwaka 1905 alikuwa mzee wa miaka 78, na bado aliweza kueleza nani alileta maji, nani aliyakataa, na njaa ilipigaje baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Mahojiano yale yalikusanywa pamoja na insha za wanafunzi, kila moja likapewa namba, na yakawekwa mahali ambapo mtafiti mwingine angeweza kuyasoma. Leo hakuna mtu yeyote hai anayeweza kuhojiwa kuhusu mambo hayo. Kilichobaki kutoka vinywani mwa walioyaona ni kile ambacho vijana wale walikiandika na chuo kikakihifadhi.

Thamani ya hifadhi ile ilionekana zaidi baadaye, mabishano yalipoanza. John Iliffe na Gilbert Gwassa, waliouongoza mradi ule, waliandika katika miaka ya mwanzo ya uhuru, na waliviona vita vile kama vuguvugu lililowaunganisha watu wa makabila mengi chini ya imani moja. Miongo miwili, mitatu baadaye, wanahistoria kama Jamie Monson na Thaddeus Sunseri walihoji picha hiyo ya umoja. Walitaka tuangalie uhasama wa wenyeji kwa wenyeji, misitu na uwindaji uliopigwa marufuku, njaa, na mambo yaliyowasumbua wanawake majumbani mwao. Mwaka 2010 James Giblin na Monson wakahariri kitabu kizima cha kuvitazama upya vita hivyo. Mtu anaweza kukubaliana nao au kuwapinga. Jambo la msingi ni kwamba mahojiano ya 1968 yalikuwapo yasomwe upya, kwa hiyo wanafunzi wale walitoa ushahidi hata wa kuwasahihisha walimu wao. Tasnifu yenye hoja bila mahojiano yake haimpi mtu nafasi hiyo. Msomaji wa kesho ataweza kuamini hoja au kuikataa, lakini hataweza kuipima.

Ushahidi wa pili unauma. Mwaka 1906, wakati vita vya Maji Maji bado vinamalizwa kwa moto na njaa, Mjerumani Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala akiwa na mashine ya kunasia sauti kwenye mitungi ya nta, akarekodi nyimbo na masimulizi ya watu wa kusini. Mitungi hiyo iko Berlin, kwenye hifadhi ya sauti iliyoanzishwa mwaka 1900 na kuingizwa na UNESCO mwaka 1999 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Kwa hiyo sauti ya mtu wa Newala iliyochukuliwa na mtafiti wa dola la kikoloni miaka zaidi ya mia moja iliyopita ina namba, ina jalada, ina mtunzaji. Sauti ya mjukuu wake, iliyorekodiwa na mwanafunzi wetu kwa kifaa bora mara nyingi zaidi, haina mwenyewe. Na hata maandishi yetu wenyewe hutulazimu kuyafuata mbali. Tasnifu ya uzamivu ya Gwassa kuhusu chimbuko la Vita vya Maji Maji, iliyokamilika Dar es Salaam mwaka 1973, ilitoka kama kitabu mwaka 2005, na ilichapishwa Köln, Ujerumani. Miaka 32 ilipita, na hata hivyo tunashukuru kwamba ilichapwa.

Kwa watafiti wa fasihi hasara ni kubwa kuliko kwa wanahistoria, kwa sababu kwao sauti ndiyo kazi yenyewe. Mugyabuso Mulokozi alipoandika tasnifu yake ya mwaka 1986 juu ya tendi za enanga za Wahaya, alikuwa anashughulika na utungo unaoimbwa na manju huku akipiga zeze la nanga. Manju hubadili kasi, hurudia mstari hadhira ikichangamka, huacha nyuzi ziseme peke yake, kisha hurudi kwenye kisa. Mambo hayo yanaweza kuelezwa kwenye karatasi kwa ufundi mkubwa, lakini hayawezi kukaa kwenye karatasi. Ndivyo ilivyo kwa nyimbo za unyago, kwa majigambo, kwa hadithi ambazo msimulizi hawezi kuzitoa bila kiitikio cha wanaomsikiliza. Mwanafunzi wa uzamili anayechambua mtindo wa manju kutokana na matini aliyoiandika mwenyewe, kisha rekodi ikapotea, amewaachia wenzake kivuli cha utendaji ule. Miswada ya kale nayo iko hivyo hivyo. J.W.T. Allen alipokusanya tenzi na barua za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu katika miaka ya 1960, aliziweka pamoja na kanda za sauti kwenye maktaba ya chuo cha Dar es Salaam, na katalogi yake ilichapishwa mwaka 1970. Ndiyo maana mwanafunzi wa leo anaweza kwenda Mlimani akaomba mswada akaulinganisha na mwingine. Lakini mwanafunzi anayepiga picha mswada ulioko nyumbani kwa watu Pemba, Pangani au Kilwa, kwa simu, halazimiki kuacha picha hizo popote.

Kizazi kinachohojiwa sasa hakitasubiri. Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Mapinduzi ya Zanzibar mwaka 1964 amepita 80. Waliokuwa watu wazima wakati wa Azimio la Arusha mwaka 1967, waliobomolewa nyumba wakati wa kuhamia vijijini katika miaka ya 1970, waliokwenda Vita vya Kagera mwaka 1978, wote wako kwenye umri ambao kila mwaka idadi yao inapungua. Wanafunzi wetu wa uzamili ndio watu pekee wanaokwenda kwao kwa wingi, kwa utaratibu, wakijua lugha ya nyumbani ya mzee. Hakuna taasisi ya kumbukumbu nchini yenye watumishi wa kufanya kazi hiyo. Chuo kinapomlipia au kumruhusu mwanafunzi kwenda uwandani kinakuwa kimeshagharamia sehemu ngumu, na sehemu rahisi, yaani kutunza alichokuja nacho, ndiyo tunayoiacha.

Najua mapingamizi yatakayotolewa. La gharama ni jepesi kuliko linavyosikika: rekodi za mwanafunzi mmoja hutosha kwenye kifaa kidogo cha kuhifadhia, na maktaba nyingi zimeshaanza kuweka tasnifu mtandaoni, kama Chuo Kikuu Huria kinavyofanya. Kinachogharimu kweli ni mtu, mkutubi mwenye mafunzo ya nyaraka za sauti atakayeandika nani kazungumza, wapi, lini, kwa lugha gani, na atakayehamisha mafaili kila teknolojia inapobadilika. Vyuo vitalazimika kumwajiri, na Tume iseme hivyo bila kuficha. Wanafunzi watahofia kuibiwa, kwamba mtu mwingine atachapisha makala kwa data zao kabla yao. Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni kuzifungia rekodi kwa miaka mitano, aliyezikusanya akizitumia peke yake, kisha zifunguliwe na yeyote atakayezitumia alazimike kumtaja. Wengine watasema mtahiniwa tayari anacheleweshwa vya kutosha na wasimamizi wasiosoma rasimu. Ni kweli, na kwa sababu hiyo makabidhiano yasisubiri mwisho. Yafanyike mwanafunzi anaporudi kutoka uwandani, kabla hajaanza kuandika.

Pingamizi zito ni la ridhaa, na haliwezi kujibiwa kwa sentensi moja. Mzee anayezungumza na kijana aliyeketi naye barazani hazungumzi na maktaba. Anaweza kutaja jirani aliyepora shamba, au jambo la mwaka 1964 ambalo watoto wake hawajawahi kulisikia, au mafundisho ya jando yasiyopaswa kufika kwenye masikio ya asiyepitia. Akiambiwa kwamba maneno yake yatawekwa, huenda akanyamaza, na utafiti ukapungukiwa. Nakubali kwamba wengine watanyamaza. Lakini tuangalie hali ilivyo sasa: maneno hayo hayo yako kwenye simu isiyo na nywila, inayoweza kuibwa ndani ya daladala au kuuzwa kwa mtu wa pili pamoja na kila kilichomo, na mzee hajawahi kuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatudai zaidi ya hapo. Mzee asomewe fomu ya ridhaa kwa lugha yake, na fomu impe chaguo la kweli: jina litajwe au lifichwe, rekodi iwe wazi au ifungwe mpaka afariki, au isihifadhiwe kabisa na mtafiti aandike tu alichokumbuka. Mambo ya unyago na jando yawe na mlango wao, na ufunguo wa mlango huo ushikwe kwa makubaliano na wenyewe. Hifadhi yenye masharti ya namna hii humlinda mzee kuliko uzembe tulionao, ambao tumezoea kuuita usiri.

Kuna faida nyingine ambayo Tume yenyewe itaitaka. Biashara ya kuandikiana tasnifu kwa malipo inajulikana vyuoni, na mahojiano ndiyo sehemu rahisi kughushi kuliko zote, kwani namba 7 na namba 12 hazina sura. Mtahini akiwa na haki ya kusikiliza rekodi kabla ya utetezi, anayebuni watoa taarifa atakuwa na kazi ngumu. Lakini sitaki sharti hili lisimame juu ya hofu ya udanganyifu. Linasimama juu ya deni. Barua ya utambulisho ya chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka kwa wa wilaya, kwa mtendaji wa kata, kwa mtendaji wa kijiji, ndipo mwanafunzi aelekezwe kwa mzee. Njia ya kupeleka ombi ina ngazi zote hizo na muhuri kila ngazi. Njia ya kurudisha kilichochukuliwa haina hata ngazi moja, na shule ya sekondari iliyo jirani na nyumba ya mzee yule inafundisha historia bila kujua kwamba aliwahi kurekodiwa.

Tume ina mamlaka chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, na ina mwongozo wa viwango ambao toleo lake la 2019 vyuo vyote vinalifuata. Kifungu kimoja katika toleo lijalo kinatosha, kikiambatana na fomu ya ridhaa ya pamoja iliyoandaliwa na Idara za Historia na Kiswahili, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na wenzao wa Zanzibar. Mpaka hapo Tume inaweza kuviandikia vyuo barua ya kuvitaka viulize, kwenye fomu ya kila mwanafunzi wa fani hizi anayeomba kutetea tasnifu yake mwaka huu: rekodi ziko wapi, na nani mwingine anaweza kuzifikia?

Wako katika ujenzi wa Taifa.